Machakos, 1938: Jinsi Umati Usio na Silaha Ulivyoirudisha Nyuma Serikali ya Walowezi

Wataalamu wa siasa huyaita makundi ya mrengo wa kulia uliokithiri yale yanayoamini kwamba watu wa rangi, asili au dini fulani wamezaliwa na haki ya kuwatawala wengine, na ambayo kwa sababu hiyo huukataa usawa mbele ya sheria. Na makundi hayo yanapotoka katika kumbi za mikutano na kuingia barabarani ili kutisha, kupiga au kulazimisha serikali, huwa vuguvugu la mitaani. Wasomaji wengi wa Kenya huyahusisha mambo hayo na Ulaya, na mashati meusi ya wafuasi wa Mussolini au na ghasia dhidi ya wahamiaji nchini Uingereza, ilhali Kenya yenyewe iliwahi kuwa na vuguvugu la aina hiyo kwa takriban nusu karne. Lilikuwa la walowezi wa Kizungu, na miongoni mwa wananchi waliowahi kulikabili na kulishinda katika jambo walilolitaka sana ni Wakamba wa Machakos, ambao mwaka 1938 hawakurusha hata jiwe.

Tabia ya vuguvugu hilo ilijionyesha mapema. Tarehe 14 Machi 1907, Ewart Grogan, aliyekuwa rais wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya jengo la mahakama mjini Nairobi, huku umati wa Wazungu ukitazama na maafisa wa sheria waliojaribu kumzuia wakipuuzwa. Adhabu aliyopewa ilikuwa kifungo kifupi. Miaka 15 baadaye, wakati Wahindi walipodai haki sawa za kupiga kura, walowezi waliunda kamati ya siri iliyopanga kumteka gavana na kuipindua serikali yao wenyewe, mpango uliokoma baada ya Waraka wa Devonshire wa Julai 1923 kutamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yanayotangulia, ingawa walowezi nao walipewa mengi waliyoyataka, yakiwemo kuendelea kuhodhi ardhi ya nyanda za juu. Mwaka 1934 mmoja wa mabwana wakubwa wa kundi hilo, Josslyn Hay, aliyejulikana kama Lord Erroll, alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza kilichoongozwa na Oswald Mosley, akarudi Kenya kukitangaza, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuongoza shirikisho la vyama vya walowezi lililokuwa likiitwa bunge lao. Si kila mlowezi aliyekuwa fashisti, na ni lazima hilo lisemwe kwa haki, lakini itikadi ya kwamba nchi ni ya Mzungu ndiyo iliyowaunganisha wengi wao, na ndiyo serikali ya kikoloni iliyoiogopa na kuibembeleza.

Katika mazingira hayo ndipo suala la ng'ombe wa Ukambani lilipozuka. Milima ya Mua ilikuwa imetwaliwa na kugawiwa walowezi, na malisho ya nyanda za Yatta yalikuwa yamewekewa vikwazo, hivyo Wakamba na mifugo yao wakabanwa katika eneo dogo la vilima ambalo udongo wake ulianza kumomonyoka vibaya. Mmomonyoko huo ulikuwa wa kweli, wala hakuna haja ya kuukana. Hata hivyo dawa iliyochaguliwa haikuwa kurudisha malisho bali kupunguza mifugo kwa lazima, yaani maafisa wa serikali kuamua ni ng'ombe wangapi mwenye boma abaki nao, kuwapiga chapa hao, na kuwauza waliozidi kwa bei ya chini. Wakati huo huo kampuni ya Liebig's ilikuwa imefungua kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei rahisi. Mkamba wa kawaida hakuhitaji kusomewa ripoti ili aone mambo hayo mawili yalivyofuatana. Ng'ombe kwake alikuwa mahari, akiba ya mwaka wa njaa, karo ya mtoto na heshima ya boma, na kumnyang'anya ng'ombe kulikuwa kumnyang'anya vyote hivyo kwa siku moja ya mnada.

Upinzani ulianzia upande wa Iveti, hasa Ngelani, na ukazaa chama kilichoitwa Ukamba Members Association, ambacho miongoni mwa viongozi wake walikuwa Muindi Mbingu, Elijah Kavulu na Isaac Mwalonzi. Hatua zao za kwanza zilikuwa za utulivu: kuandika malalamiko kwa serikali, kuwasiliana na wanasiasa wa Kihindi mjini Nairobi, hasa Isher Dass aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na kuifikisha habari hadi London, ambako Jomo Kenyatta aliwatetea magazetini. Wenye mifugo walikataa kuwapeleka ng'ombe mnadani kwa hiari, na maafisa walipowakamata kwa nguvu, wengi hawakukubali kununua mali ya jirani iliyoporwa. Kisha, mwishoni mwa Julai 1938, maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake pamoja na watoto, waliondoka Machakos, wengi kwa miguu, wakaelekea Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 60, wakataka kuonana na gavana, Sir Robert Brooke-Popham, ana kwa ana.

Gavana hakukubali kuonana nao hapo, akitumaini kwamba njaa na baridi ya Julai vingewarudisha makwao. Hawakurudi. Walikaa Nairobi kwa wiki kadhaa, wakilala nje na kugawana chakula, katika mji ambao Mwafrika asiye na kipande mfukoni angeweza kukamatwa wakati wowote, na katika muda wote huo serikali haikupata kisa kimoja cha maana cha kuwatawanya kwa risasi. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa tarehe 16 Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe ulipigwa risasi na polisi, na hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 21 waliokufa. Wazee waliotoka Machakos walijua vizuri kwamba kosa dogo la kijana mmoja mwenye hasira lingewapa wapinzani wao kile walichokuwa wakikingojea. Hatimaye gavana ndiye aliyelazimika kufunga safari, akaja Machakos katika baraza la mwezi Agosti, na kabla ya mwaka 1938 kwisha, upunguzaji wa lazima ukaachwa.

Ushindi huo haukutokana na huruma ya watawala. Watafiti wa upinzani usio wa ghasia, kwa kumfuata Mmarekani Gene Sharp ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1973, hueleza kwamba mamlaka yoyote husimama juu ya nguzo, yaani makundi ya watu ambao utii wao ndio unaoyafanya mamlaka yatende kazi: askari, makarani, wafanyabiashara, machifu, walipa kodi. Nguzo ikilegea, amri hubaki maneno. Katika Kenya ya 1938, Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya polisi na ya jeshi la King's African Rifles, na vita vya Ulaya vilikuwa vikinukia. Kila askari Mkamba alikuwa na baba au mjomba ambaye ng'ombe wake walikuwa hatarini. Serikali ilianza kujiuliza kama askari hao wangetii wakiamriwa kuwapiga mama zao waliokaa chini mjini Nairobi. Swali hilo lisingeulizwa kabisa kama umati ungekuja na mishale yenye sumu, ambayo Wakamba walisifika kwa kuitumia, kwa maana mshale ungemrahisishia askari uamuzi: angejitetea kwanza na kufikiria undugu baadaye. Watu wasio na silaha ndio waliomweka njia panda.

Utafiti wa kisasa umethibitisha hoja hiyo kwa upana zaidi. Erica Chenoweth na Maria Stephan walichunguza kampeni 323 za kisiasa duniani zilizotokea kati ya mwaka 1900 na 2006, wakakuta kwamba zile zisizotumia ghasia zilifanikiwa kwa asilimia 53, huku zenye silaha zikifanikiwa kwa asilimia 26. Sababu kubwa waliyoitaja ni wingi na aina ya washiriki, kwani katika maandamano ya amani bibi kizee, mwanafunzi, mchungaji na mwenye duka wote wana nafasi, hali ghasia huwaachia uwanja vijana wachache wenye nguvu za mwili.

Pamoja na hayo, ni upotoshaji kuisimulia Machakos kana kwamba haikulipa gharama. Muindi Mbingu alikamatwa mwaka huo huo akahamishiwa Lamu, mbali na watu wake, akakaa huko kwa miaka kadhaa. Wala njia hiyo haikufaulu kila mara. Tarehe 26 Januari 1953, baada ya familia moja ya walowezi kuuawa shambani, Wazungu wapatao 1,500 waliandamana hadi Ikulu ya gavana Evelyn Baring wakidai hatua kali zaidi dhidi ya Waafrika. Askari Waafrika waliolinda mlango walishikana mikono kuunda mnyororo, na waandamanaji wakazima sigara zao kwenye ngozi za askari hao ili waachiane mikono. Askari hawakujibu kwa kupiga. Uvumilivu wao ulistahili heshima kubwa, lakini hawakuwa na chama nyuma yao wala dai lolote lililowasilishwa kwa niaba yao, na utawala wa hali ya hatari uliendelea kuwapa walowezi karibu kila walichokitaka. Viongozi wa kisiasa walikuwa wamefungwa, mikutano imepigwa marufuku, na wapiganaji wa Mau Mau walikuwa tayari msituni. Kuwahukumu waliochukua silaha wakati milango yote imefungwa si kazi ya makala haya. Kinachodaiwa hapa ni kwamba mlango ukiwa na upenyo hata mdogo, umati wenye nidhamu hupita mahali ambapo panga hukwama.

Nchi nyingine zimeongeza mbinu zao. Katika mji mdogo wa Wunsiedel, Ujerumani, ambako Rudolf Hess, aliyekuwa naibu wa Hitler, alikuwa amezikwa, wafuasi wa itikadi ya Nazi walizoea kuandamana kila mwaka, na wenyeji walichoka kuwazomea bila faida. Novemba 2014 wakaamua kwamba kwa kila mita ambayo wafuasi hao wangetembea, wafadhili wangechanga euro 10 kwa shirika linalowasaidia watu kuyaacha makundi ya aina hiyo, na barabara ikapakwa alama za umbali na kupambwa mabango ya kuwashukuru waandamanaji kwa kujichangia wenyewe. Zilipatikana euro 10,000. Mkenya yeyote ataitambua hiyo kuwa harambee, tofauti ikiwa kwamba mgeni rasmi hakujua kuwa anachangisha. Uingereza nayo, baada ya mauaji ya watoto mjini Southport tarehe 29 Julai 2024 na uvumi wa uongo kwamba muuaji alikuwa mkimbizi, ilishuhudia siku nyingi za mashambulizi dhidi ya misikiti na hoteli za waomba hifadhi. Lakini jioni ya tarehe 7 Agosti, ilipotangazwa kwamba ofisi za mawakili wa wahamiaji zingevamiwa, maelfu ya wakazi wa Walthamstow na miji mingine walijaza barabara mapema, na katika sehemu nyingi wavamizi ama hawakutokea ama walikuwa wachache mno. Hukumu za haraka za mahakama zilichangia pia, na haifai kuzisahau.

Kenya ya leo haina walowezi wenye viboko, ila ina makundi yanayofanana nao kwa tabia. Wakati wa uchaguzi husikika wito wa kuwaondoa wale wanaoitwa madoadoa, yaani watu wa jamii nyingine waliohamia eneo fulani, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiingiza neno hilo katika orodha ya lugha ya chuki. Kaunti ya Machakos inahusika moja kwa moja, kwa sababu Mlolongo, Syokimau na Athi River ni makao ya watu wa kila kabila. Tena tarehe 17 Juni 2025, katikati ya Nairobi, wanaume waliopakiwa kwenye pikipiki, wakiwa na rungu na mijeledi, waliwavamia vijana waliokuwa wakiandamana. Wahuni wa kukodiwa hawana itikadi kama aliyokuwa nayo Erroll, lakini kazi yao ni ile ile ya kuifanya barabara iwe mali ya mwenye nguvu, na faida yao kubwa hupatikana pale waandamanaji wanapojibu kwa mawe, kwa maana baada ya hapo picha za televisheni haziwezi tena kuwatofautisha.

Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma inawataka waandaaji wampe taarifa mkuu wa kituo cha polisi kati ya siku 3 na siku 14 kabla. Ndani ya siku hizo ndipo kazi nzito inapofanyika. Huteuliwa wasimamizi wanaofahamika kwa mavazi, ambao kazi yao ni kuwatoa pembeni wenye hasira na kuwakalisha watu chini mara tu vurugu inapoanza. Huteuliwa wa kupiga picha, wa huduma ya kwanza na wakili wa kupigiwa simu. Na akina mama wa vyama vya mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo vilichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika vilima vya Machakos kwa miongo mingi, huombwa washike mstari wa mbele kwa hiari yao. Jambo ambalo waandaaji wengi hulisahau ni kwenda, kabla ya siku yenyewe, kwenye steji za bodaboda na maskani ambako vijana hukodiwa kwa shilingi mia chache, wakiandamana na wazee wa Nyumba Kumi na makondakta wanaowajua vijana hao kwa majina, kuwaeleza madai yanahusu bei gani, ajira gani na ardhi ya nani, na kuwaachia nafasi ya kuja upande wa pili bila kuaibishwa.