Je, Wajua? Ufunguo Uko kwa Nani

Leo safu hii inaingia kwenye riwaya za gothiki, zile za ngome, mvua ya radi na mlango usiofunguliwa. Wanafunzi wengi wa Likasi hupewa maneno matatu ubaoni, mandhari, wahusika na taharuki, wakaandika kwamba "mandhari ni ya kutisha" na kuweka nukta. Ya kutisha kwa nani? Nani anajua kilichomo chumbani, na nani hajui? Shika swali hilo, mengine yatakuja yenyewe.

Je, wajua kwamba riwaya ya kwanza ya aina hii ilianza kwa uongo? Mwaka 1764 Horace Walpole wa Uingereza alichapisha *The Castle of Otranto* bila kutaja jina lake. Alidai ni tafsiri ya kitabu cha Kiitaliano kilichopigwa chapa Naples mwaka 1529. Watu wakaipenda, naye katika toleo la pili la 1765 akakiri kwamba aliitunga mwenyewe. Kisa hakina subira hata kidogo: siku ya harusi, bwana harusi anaangukiwa na kofia ya chuma kubwa ajabu na kufa papo hapo. Kichekesho? Kidogo. Lakini ile hila ya maandiko ya kale yaliyookotwa haijafa mpaka leo.

Je, wajua kwamba mzaliwa wa Likasi aliitumia hila hiyo? V. Y. Mudimbe alizaliwa hapa tarehe 8 Desemba 1941, mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, akafariki Marekani Aprili 2025. Dunia inamjua zaidi kama mwanafalsafa, kwa kitabu chake *The Invention of Africa* cha 1988. Riwaya yake *L'Écart*, ya 1979, imejengwa kama daftari la Ahmed Nara, kijana mtafiti wa historia. Tangu mwanzo msomaji anaambiwa kwamba mwenye daftari amekwisha kufa. Tazama taharuki inavyobadilika hapo. Huulizi tena kama Nara atapona. Unasoma kila ukurasa ukitafuta ni wapi alianza kupotea, na kila mstari wa kawaida, kuhusu kitabu alichosoma au mwanamke aliyemtembelea, unaonekana kama ushahidi. Hakuna ngome wala popo; kuna maktaba, chumba na kichwa cha mtu mmoja. Kwangu mimi hiyo ndiyo riwaya ya gothiki ya Katanga, ingawa maprofesa hawaiweki kwenye rafu hiyo.

Je, wajua kwamba katika *Dracula* ya Bram Stoker, iliyotoka 1897, Dracula mwenyewe hapewi nafasi ya kusimulia hata sura moja? Kitabu kizima ni shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti vya watu wengine. Sisi na wahusika tunamwona kwa mbali, kwa vipande, na hakuna mwenye picha nzima mpaka wakae mezani waunganishe karatasi zao.

Hapo tukae kidogo, maana kuna kipande kimoja ambacho ningemsomea kila anayeandika insha ya mandhari. Jonathan Harker, wakili kijana, ni mgeni katika ngome. Chakula kizuri, vyombo vya dhahabu, ila hajaona mtumishi hata mmoja. Siku moja anakwenda polepole chumbani kwake na kumkuta mwenyeji wake, bwana mkubwa wa ukoo wa kale, akimtandikia kitanda. Baadaye, kwenye upenyo wa bawaba za mlango, anamwona akiandaa meza. Basi! Hakuna damu, hakuna yowe. Lakini Harker anapiga hesabu: kama bwana anatandika mwenyewe, basi ngome nzima ina watu wawili tu, na kama ni hivyo, aliyemleta usiku kwa gari la farasi, yule mwenye nguvu za ajabu, alikuwa nani? Shuka lililotandikwa limeeleza mandhari, limemfichua mhusika na limeongeza taharuki kwa mpigo mmoja. Mwanafunzi anayetenga vitu hivyo katika aya tatu zisizosalimiana anapoteza utamu wote.

Na Stoker hakuwahi kufika Transylvania, iliko ngome hiyo. Aliijenga kwa vitabu na ramani.

Je, wajua kwamba Joseph Conrad, tofauti na Stoker, alifika kweli? Alipanda mto Kongo mwaka 1890 mpaka Stanley Falls, Kisangani ya leo, na mwaka 1899 akatoa *Heart of Darkness*. Mto wetu ukageuzwa ngome: ukungu, ukimya, mzungu aliyepotea akili mwisho wa njia. Chinua Achebe alilishambulia jambo hilo katika mhadhara maarufu wa 1975 huko Massachusetts. Kosa, alisema, ni kuifanya Afrika pazia la nyuma ambalo mbele yake akili ya Mzungu inavunjika, huku wenye nchi wakiwa vivuli. Kwa msomaji wa Kongo swali la "mandhari ya nani?" haliepukiki. Conrad aliona ukatili wa kweli, nani angebisha? Lakini hakuna Mkongomani hata mmoja aliyeachiwa usimulizi.

Je, wajua kwamba Katanga ilikuwa na visa vyake vya wanyonya damu kabla sinema hazijafika kila mtaa? Katika miaka ya 1940, Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilijaa hofu ya batumbula. Ilisemwa kwamba walikuwa Waafrika waliotumwa na wazungu kukamata watu usiku, na waliokamatwa waliishia kuliwa. Mtaa kwa mtaa, nchi kwa nchi, hofu hiyo ilikuwa na ndugu zake: wazimamoto Kenya na Uganda, mumiani pwani na Tanganyika, banyama Rhodesia ya Kaskazini. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya visa hivi, *Speaking with Vampires*, cha mwaka 2000. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza visa vinasema nini kuhusu kazi, mishahara na nani alikuwa na ruhusa ya kutembea usiku.

Kwa mchambuzi wa wahusika hapo pana mali. Adui wa gothiki ya Ulaya ni mgeni, bwana mkubwa wa ng'ambo mwenye lafudhi. Mtumbula ni jirani. Mnachota naye maji, mnakaa naye kilabuni, ila hujui anakwenda wapi giza likiingia wala nani anamlipa. Mwandishi akitaka kumtumia asimpe meno marefu; ampe mshahara usioeleweka.

Je, wajua kwamba mhusika wa kutisha aliwahi kutundikwa sebuleni kwa hiari? Katika miaka ya 1970 familia nyingi za miji ya Shaba, ndivyo Katanga ilivyoitwa enzi za Mobutu, zilinunua mchoro wa mamba muntu: mwanamke mzuri, chini samaki, mara nyingi na nyoka amejizungusha. Hutoa utajiri kwa masharti, na sharti kubwa ni kutunza siri. Siri ikishatajwa katika hadithi, msomaji anajua itavunjwa. Anachongoja ni mdomo gani utateleza, na kwa bei gani.

Je, wajua kwamba taharuki maarufu kuliko zote katika riwaya hizi ilikuwa sanamu ya nta? Katika *The Mysteries of Udolpho*, ya 1794, Ann Radcliffe anamwingiza Emily kwenye chumba chenye pazia jeusi ukutani. Emily analiinua, anaona kitu, anazimia. Msomaji haambiwi ni nini. Anasoma mamia ya kurasa na pazia hilo kichwani, mpaka karibu na mwisho anapojulishwa kwamba ilikuwa sanamu tu yenye umbo la maiti. Wengine walikasirika. Lakini Radcliffe alikuwa na nadharia yake, iliyochapishwa 1826 baada ya kifo chake: hofu ya kitu usichokiona bado hupanua roho, na kitisho cha kitu kilichowekwa wazi mbele yako huigandisha. Kwa kipimo hicho, filamu nyingi za siku hizi zinafanya kazi ya bucha.

Je, wajua kwamba fasihi ya Kiswahili ina ndugu yake wa Udolpho? *Mzimu wa Watu wa Kale*, ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58 na kuchapishwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni, mahali watu wanapopeleka maombi na sadaka. Angalia ujanja wa mandhari: pangekuwa barabarani, kila mtu angeuliza nani kaua. Pakiwa mzimuni, nusu ya watu wana jibu tayari, na jibu hilo linamfaa sana muuaji wa nyama na damu. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake, akiuliza maswali makavu. Mwisho siusemi, kitabu bado kinapatikana.

Kabla yake, mwaka 1952, Shaaban Robert alitoa *Adili na Nduguze*. Mjumbe wa mfalme, aliyekwenda kwa ajili ya kodi, anamwona liwali mpole, anayesifiwa na wote, akiwacharaza manyani wawili usiku. Na anayechapa anasikitika. Kisa kizima kimeangikwa kwenye swali hilo: kwa nini mtu mwema afanye hivi? Mizizi yake iko kwenye hadithi za Alfu Lela Ulela, lakini mlango wa usiku unafunguka kama wa ngome yoyote ya Radcliffe.

Je, wajua kwamba Bunkeya ina kisa cha fuvu ambacho hakuna mtunzi angethubutu kukibuni? Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri, mfalme wa Wayeke ambao asili yao ni Unyamwezi, aliuawa na kikosi kilichotoka Zanzibar chini ya Kapteni William Stairs kwa niaba ya Leopold wa Pili. Aliyempiga risasi, Omer Bodson, naye alipigwa risasi palepale, akafa. Kichwa cha Msiri kikakatwa. Kiliishia wapi? Hadi leo hakuna jibu moja linalokubaliwa na wote. Stairs mwenyewe alikufa kwa homa mwaka 1892 akirudi, huko Chinde, pwani ya Msumbiji, na kwa wengi hilo lilitosha kuwa laana. Sasa soma kama mchambuzi. Wazungu wa msafara ndio waliotuandikia kwamba boma la Msiri lilipambwa kwa mafuvu, na ndio waliomtundika yeye kichwa mtini. Msimulizi wa namna hiyo hupewa sikio moja tu.

Je, wajua kwamba mandhari ya siri kubwa kuliko zote za karne ya 20 yako kilomita 20 hivi kutoka Likasi? Urani ya Shinkolobwe iligunduliwa 1915. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo ghalani Staten Island, New York, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka mgodi huu. Waliochimba hawakuambiwa mawe yanakwenda kufanya nini. Kabla ya uhuru wa 1960 mashimo yakazibwa kwa zege. Mwaka 2004 serikali ikapiga marufuku uchimbaji wowote hapo; Julai mwaka huohuo shimo likaporomoka na kuua watu waliokuwa wakichimba kwa mikono. Mlango uliofungwa, kitu kisichoonekana wala kunusika, wachache wanaojua na wengi wanaobeba: kila kiungo cha gothiki kipo. Ila mwandishi atakayejaribu aanze na mtu, mke wa mchimbaji wa Kikula au wa Shituru anayefua nguo zenye vumbi, asianze na bomu. Bomu kila mtu analijua, na kinachojulikana na wote hakina taharuki.

Upesi upesi sasa. Mary Shelley alianza *Frankenstein* mwaka 1816 akiwa na miaka 18, majira ya joto ya baridi kali na mvua baada ya mlima Tambora wa Indonesia kulipuka mwaka uliotangulia. Kiumbe chake hakina jina, Frankenstein ni jina la aliyekitengeneza. Katika *Rebecca*, ya Daphne du Maurier, 1938, mwenye jina kwenye jalada amekufa kabla ya ukurasa wa kwanza, na anayesimulia hatuambiwi jina lake kamwe. Mke aliyefungiwa darini katika *Jane Eyre* ya 1847 alingoja mpaka 1966 kupewa riwaya yake mwenyewe, na Jean Rhys wa kisiwa cha Dominica.

Na je, wajua kwamba mwanamke mmoja aliicheka mapema aina hii ya riwaya? Jane Austen, katika *Northanger Abbey* iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kifo chake, anampa Catherine kichwa kilichojaa Radcliffe na kumlaza kwenye nyumba ya kale usiku wa dhoruba. Kuna kabati. Ufunguo unagoma, unazunguka, unafungua. Ndani kabisa kuna bunda la karatasi. Mshumaa unazimika! Catherine hapati usingizi mpaka saa za alfajiri. Asubuhi anazisoma: ni hesabu za dobi, mashati na soksi. Mwandishi wa Likasi akitaka kuuiga mchezo huo aingie nyumba yoyote ya zamani ya Union Minière, avute droo iliyokwama, na kumpa shujaa wake bili ya umeme.