Sukuma ya Mikunjo Inataka Mkono Wake

Mpishi aliyezoea sukuma wiki akihamia Uingereza au Ujerumani, hukutana dukani na mboga ya kijani iliyokoza, kingo zake zimejikunja kama nywele za kipilipili. Huikatakata nyembamba, huikaanga kwa kitunguu na nyanya dakika tano, kisha hulalamika: ni ngumu, tena chungu. Mboga haina kosa. Ni ndugu wa sukuma wiki, spishi moja, *Brassica oleracea*, ambayo pia imetupa kabichi, brokoli na koliflawa. Ila huyu amekulia kwenye baridi.

Uchungu wake unatokana na kemikali zenye salfa ziitwazo glukosinoleti. Ndani ya jani hukaa mbali na kimeng'enya kinachozivunja. Kisu, jino au kiwavi kikipasua seli, hukutana, na ukali huzaliwa hapo hapo. Kwa mmea hiyo ni silaha ya kuwafukuza walaji, sisi tukiwemo. Baridi ikikaribia nyuzi sifuri, mmea ulio hai hulimbikiza sukari ndani ya seli ili zisigande kwa urahisi, na utamu huo hufunika uchungu. Ndiyo maana kaskazini mwa Ujerumani desturi ni kusubiri sakitu ya kwanza kabla ya kuvuna. Huko Bremen na Oldenburg, majira ya baridi, watu hutembea kwa makundi mashambani, na mwisho wa safari ni sinia la mboga hii iliyochemka kwa muda mrefu pamoja na mafuta na soseji ya Pinkel, ambayo hutiwa nafaka ndani. Kisha humtawaza mmoja wao kuwa mfalme wa mboga! Waholanzi nao huiponda pamoja na viazi.

Ile inayouzwa Nairobi siku hizi mara nyingi haijaonja sakitu, kwa hiyo chagua majani machanga, madogo, yasiyo na madoa ya njano.

Kuosha kusifanywe kwa haraka. Mikunjo ile huficha mchanga na vidukari, na maji ya bomba yanapita juu tu. Loweka majani katika karai la maji yenye chumvi, yatikise, mwaga, rudia. Kisha shika uti kwa mkono mmoja na kwa mwingine lichune jani lote kuelekea ncha. Uti usiutupe: ukatwe vipande vidogo na utangulie sufuriani.

Kaanga kitunguu na uti mpaka vilegee, tia majani, chumvi na maji robo kikombe, funika kwa moto mdogo dakika kumi hadi kumi na tano. Maji hayo machache ndiyo yanayolainisha jani. Ukijaza sufuria na kumwaga supu yake, vitamini C inaondoka nayo. Nyanya au ndimu vije mwishoni, kwa kuwa asidi ikipikwa muda mrefu hugeuza kijani kuwa rangi ya kahawia. Magadi hulinda rangi na kulainisha haraka, kweli, lakini huharibu vitamini C. Mimi siyatumii. Usiinyime mboga mafuta, maana bila hayo mwili hufyonza kidogo sana karotini yake. Tui la nazi linaikubali vizuri.

Anayependa kachumbari akate majani mabichi, ayanyunyizie chumvi na ndimu, kisha ayafikiche kwa vidole mpaka yasinyae. Bila kufikichwa, ni kama kutafuna turubai.

Kwa lishe, kalisi yake hufyonzwa vizuri kuliko ya spinachi, ambayo imejaa oksaleti. Ina vitamini K kwa wingi pia, na hiyo husaidia damu kuganda. Anayetumia warfarini asianze kuila kwa wingi ghafla, wala asiiache ghafla. Kiasi chake kiwe kilekile wiki hadi wiki, na daktari wake ajue.