Vyuo vya ufundi vyajengwa wilayani, fundi wa mtaani Kasulu na Kibondo aingie mlango upi?

Katika mwaka wa fedha 2022/23 Serikali ilianza utekelezaji wa mpango wa kujenga vyuo 64 vya ufundi stadi vya wilaya, pamoja na chuo kimoja cha Mkoa wa Songwe, kwa lengo la kufikisha huduma za VETA katika kila wilaya nchini. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, ambako vyuo havipo mbali, habari hiyo huenda ilipita kama habari nyingine za ujenzi. Katika nyanda za juu za Kigoma uzito wake ni tofauti. Kijana wa Kibondo aliyetaka kusoma katika chuo cha VETA cha mkoa alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Kigoma mjini, kwa barabara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika.

Si kwamba hapakuwa na kitu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, vilifika pia Kasulu na Kibondo na kufundisha useremala, ushonaji, uashi na kilimo. Lakini mafundi wengi wanaoonekana leo katika gereji za pikipiki, vibanda vya kuchomelea vyuma na vyerehani vya sokoni hawakupitia huko wala VETA. Walianza wakiwa saidia fundi, wakibeba zege na kushika spana, na wazazi wao mara nyingi walimlipa fundi mkuu chochote kitu ili mtoto akubaliwe. Ndiyo shule kubwa kuliko zote za ufundi nchini, ingawa haina ubao wala mitihani.

Swali ni mageuzi haya yanamfanyia nini fundi huyo.

Mfumo wa sasa msingi wake ni Sheria Namba 1 ya mwaka 1994, iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Fedha zake zilitakiwa kutoka kwa waajiri, kupitia tozo ya kuendeleza ufundi stadi inayokokotolewa kutokana na mishahara wanayolipa. Tozo hiyo ilikuwa asilimia 6 kwa muda mrefu, ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023 baada ya malalamiko ya wafanyabiashara. Aidha, kwa miaka mingi VETA ilipata theluthi moja tu ya makusanyo, na sehemu kubwa iliyobaki ikaenda Hazina kwa matumizi mengine.

Baadaye ukaja uanagenzi rasmi. Mwongozo wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2017 unataka mwanagenzi agawe muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi, kwa mkataba, akiwa chini ya msimamizi anayejulikana. Ni mpango mzuri, nao unafanana na ule wa Ujerumani ambako mwajiri humlipa mwanagenzi posho. Ugumu wake unaonekana unapoupeleka Kasulu. Mpango unahitaji mwajiri mwenye kiwanda, hoteli au kampuni, na waajiri wa namna hiyo katika wilaya za wakulima wa maharage, mihogo na kahawa ni wa kuhesabu. Buha katika enzi za ukoloni ilifanywa hazina ya manamba wa mashamba ya mkonge. Nguvu kazi ilichukuliwa kwenda kujenga uchumi wa kwingine, na viwanda havikufuata. Mwenye gereji anayefundisha vijana watatu chini ya mwembe si mwajiri kwa maana ya mwongozo huo, ingawa ndiye mwalimu.

Ndiyo maana mlango mwingine, usiosikika sana majukwaani, unastahili kuangaliwa zaidi. Unaitwa urasimishaji wa ujuzi, na VETA imekuwa ikiutekeleza tangu miaka ya mwanzo ya 2010. Fundi aliyejifunzia kazini hapelekwi kuanza upya darasani. Hupimwa kwa vitendo katika kazi anayoijua, hupewa mafunzo mafupi pale alipopungukiwa, kwa kawaida usalama kazini, vipimo au utunzaji wa hesabu, na akifaulu hupewa cheti kinachotambulika.

Je, cheti kinabadili nini? Mfano wa umeme unatosha. Mkoa wa Kigoma, wenye watu 2,470,967 kwa Sensa ya mwaka 2022, ulitegemea majenereta ya dizeli hadi mwaka huohuo ulipoanza kupata umeme wa gridi ya Taifa. Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini iliwekwa kuwa Sh27,000, na nyumba nyingi zikahitaji kutandazwa nyaya kwa mara ya kwanza. Sasa, kwa mujibu wa taratibu, mwenye mamlaka ya kufanya kazi hiyo na kutia saini fomu zinazokwenda TANESCO ni fundi mwenye leseni ya EWURA, na leseni haitolewi bila ushahidi wa mafunzo. Kijana anayejua kutandaza nyaya lakini hana karatasi hubaki kibarua wa mwenye leseni. Jasho ni lake, saini ni ya mwingine, na fungu kubwa la malipo hufuata saini. (Tusisahau pia kwamba nyaya zikitandazwa vibaya nyumba huungua, sharti la leseni halikuwekwa kwa ukorofi.)

Hali inakaribia kufanana na hiyo katika ujenzi wa madarasa na zahanati unaotumia mafundi wa ndani, ambako kamati za vijiji hupenda kumwona fundi anayeweza kuonyesha cheti.

Kwa wanafunzi walioko shuleni njia imebadilika pia. Mtaala ulioanza Januari 2024 uliingiza mkondo wa amali katika sekondari, kwa kuanzia na shule chache zilizoteuliwa. Utawafaa watakaokuwa kidato cha kwanza kesho. Aliyeacha shule miaka kumi iliyopita na sasa ana mke, watoto na boksi la spana, haumgusi.

Huyo anahitaji mpimaji amfikie. Upimaji hufanywa na watu wa chuo, na chuo kilipokuwa mbali, nauli na siku za kazi zilizopotea zilikuwa ghali. Karakana ya chuo cha wilaya ikifunguliwa jioni na Jumamosi kwa ajili ya kupima mafundi, fundi wa Kibondo anaweza kupimwa bila kufunga kibanda chake hata siku moja.