Je, Wajua? Fataki uani kwako, kibali polisi

Je, wajua kwamba pakiti ya fataki uliyonunua mjini Kigoma haikupi ruhusa ya kuilipua uani kwako Kidahwe? Tanzania ina Sheria ya Baruti tangu 1963, na fataki zimo humo, kapu moja na baruti za migodini. Kila Desemba inapoelekea ukingoni makamanda wa polisi hurudia tangazo lilelile: asiye na kibali asifyatue fataki, na matairi yasichomwe barabarani. Wengi hudhani hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Sheria ni ya nchi nzima. Kibali huombwa polisi siku kadhaa kabla, si saa tano usiku wageni wakiwa wameshakaa.

Wajua kuwa fataki ni neno la bunduki pia? Ni kile kikofia kidogo cha shaba chenye baruti kilichowasha gobori. Zanzibar maua ya moto huitwa fashifashi, na huonekana angani usiku wa kuamkia 12 Januari, kumbukumbu ya Mapinduzi ya 1964.

Na Ujiji je? Mwaka 1871 msafara wa mwandishi wa habari Stanley uliingia hapo kumtafuta mmisionari Livingstone kwa kupiga bunduki karibu 50 kwa mkupuo. Ndivyo misafara ilivyobisha hodi wakati huo, na watu wakatoka majumbani kwa mamia kuipokea.

Lakini si kila anayesikia mlio hutoka nje kwa furaha. Barabara inayopita Kidahwe kwenda Kasulu ndiyo inayoelekea kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kupokea Wakongo waliovuka ziwa wakikimbia vita. Baadaye wakaja na Warundi. Mama aliyewahi kulaza wanawe sakafuni ili risasi ziwapite juu hana namna ya kujua, saa sita usiku, kwamba mlio huu ni wa sherehe. Masikio yake husikia kile yalichozoea kusikia. Hata Dar wapo wa namna hiyo: maghala ya silaha yalilipuka Mbagala 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto 16 Februari 2011, na watu wakafa majumbani mwao. Kwa hiyo hata ukiwa na kibali mkononi, pita kwa majirani mchana uwaambie. Kwangu mimi hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, ingawa haimo katika sheria.

Wajua kwamba kijiti cha cheche anachoshikishwa mtoto wa miaka minne huwaka kwa joto linalopita nyuzi 1,000? Maji huchemka kwa nyuzi 100.

Na ile baruti ya spoku? Sikukuu ikikaribia utamwona mtoto amechuchumaa nyuma ya nyumba, ameshindilia unga wa kibiriti kwenye spoku ya baiskeli, anaigonga ukutani huku amefumba jicho moja. Jicho lililo wazi ndilo linaloumia. Mwite, umpe kazi nyingine.

Akiungua, maji safi ya baridi yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mawese. Kisha zahanati.

Kwa mabaharia, roketi ya nuru nyekundu ni ishara ya kuomba kuokolewa. Ukiirusha ufukweni wavuvi wa dagaa wakiwa kazini na taa zao, unamwita mwokoaji asiyehitajika.

Uingereza mwisho wa kufyatua ni saa 5 usiku, isipokuwa sikukuu chache. Mwaka Mpya huongezwa hadi saa 7. Lakini hatari si saa tu: Kampala, usiku wa kuingia 2023, watu wasiopungua 9, wakiwamo watoto, walikufa kwenye jengo la Freedom City. Si kwa moto, bali kwa kukanyagana kwenye njia nyembamba wakikimbilia kutazama fataki.

Ukiona mwanga wa fataki, hesabu sekunde. Sekunde 3 kabla ya mlio maana yake uko kama kilomita 1 kutoka hapo. Mlio ukija pamoja na mwanga, uko karibu mno, waondoe watoto. Angalia na nyaya: Kidahwe pana kituo cha kupoza umeme cha laini ya kilovoti 400 kutoka Nyakanazi, na karibu na nyaya za namna hiyo hakufai kurushwa chochote.

Moto ukishika nyumba, piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Iandike leo ukutani, karibu na swichi ya taa.