Je, Wajua? Mashine ya Mionzi Nayo Hupimwa Kila Siku

Mgonjwa wa saratani anayepewa rufaa kutoka Tanga kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri kilomita zipatazo 350. Katika tiba ya mionzi anayoifuata huko, kabla mgonjwa wa kwanza wa siku hajapanda kitandani, hutangulia kupimwa mashine yenyewe.

Mashine ya LINAC huzikimbiza elektroni hadi karibu na kasi ya mwanga, kisha huzigongesha kwenye chuma kizito, zikazaa eksirei kali. Mionzi hiyo haionekani, hainuki, wala haiumi inapopita. Ikipungua, uvimbe husalimika. Ikizidi, huunguza viungo vizima.

Ndiyo maana mwanafizikia tiba huweka chemba ndogo ya hewa inayopima mionzi mahali pa mgonjwa, huiagiza mashine itoe dozi maalumu, kisha husoma kipimo. Husoma pia joto na kanieneo ya hewa. Kwenye joto la pwani hewa hutanuka, chembe zilizomo ndani ya chemba hupungua, na kipimo hushuka takriban asilimia 0.3 kwa kila nyuzijoto moja. Chemba hiyohiyo ukiipandisha Moshi, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, itasoma pungufu kwa karibu asilimia 9, ilhali mionzi ni ileile. Asiyesahihisha hesabu hiyo ataisingizia mashine kosa la hewa.

Jibu la siku moja halitoshi. Kwa kawaida dozi ya kila siku huruhusiwa kupishana na iliyokusudiwa kwa asilimia 3. Lakini mashine inaweza kubaki ndani ya mpaka huo huku ikihama kidogokidogo. Hapo ndipo takwimu zinapoingia. Mwaka 1924, Walter Shewhart, aliyeshughulikia ubora wa vifaa vya simu Marekani, alibuni chati ya udhibiti: vipimo hupangwa kwa tarehe, katikati mstari wa wastani, juu na chini mipaka inayotokana na mtawanyiko wa kawaida wa vipimo vyenyewe, mara tatu yake.

Tuseme vipimo vinane mfululizo vimeangukia upande mmoja wa wastani, vyote ndani ya asilimia 1. Kwa bahati tu, jambo hilo hutokea mara 1 kati ya 128. Mwanafizikia hasubiri asilimia 3 ifike. Hutafuta sababu mapema, akianza na kifaa chake cha kupimia.

Kwa mashine zinazotumia chanzo cha mionzi cha kobalti-60 badala ya LINAC, chati lazima izingatie kwamba chanzo chenyewe hufifia takriban asilimia 1 kila mwezi, kwa kuwa nusu ya nguvu yake huisha kwa miaka 5.27.

Kwa hiyo, hospitali inapopanga bajeti ya mashine ya mionzi, itenge pia fungu la wanafizikia, vifaa vya kupimia na muda wa kupima. Bila hivyo, mgonjwa aliyetoka mbali atalala chini ya mashine ambayo hakuna anayejua inatoa kiasi gani.