Walioingia Chuoni Tunawajua, Waliopotea Njiani Je?

Siku ya mahafali, barabara ya Kisumu kwenda Busia hujaa matatu zilizopambwa kwa riboni, zikielekea Chuo Kikuu cha Maseno, jirani na mstari wa ikweta. Akina mama hupiga vigelegele, mashada ya maua yakanunuliwa, picha zikapigwa. Furaha hiyo ni halali. Lakini hakuna anayewataja wale walioripoti mwaka mmoja na wahitimu hao, wakiwa na godoro na sanduku kama wao, kisha wakapotea kimyakimya.

Wavuvi wa Dunga, Kisumu, hupima samaki ufuoni. Sisi vyuo vyetu tunavipima wavuni: wangapi wamesajiliwa mwaka huu?

Kwa vyuo, ukanda huu wa Ziwa Victoria umebarikiwa. Maseno kilianza mwaka 1991 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, pale Chuo cha Walimu cha Siriba kilipounganishwa na taasisi ya mafunzo ya serikali. Bondo ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichopata hati yake mwaka 2013, na Homa Bay ina kile cha Tom Mboya. Milango ipo. Kinachokosekana ni wa kuwasindikiza walioingia.

Kikwazo cha kwanza ni karo. Mzazi anayeuza omena hutegemea ziwa, na gugumaji likiziba ufuo, mitumbwi haitoki na mfuko wa karo hutoboka. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023 uliwagawa wanafunzi kulingana na uwezo wa familia zao, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba unakiuka katiba. Kesi ziendelee au ziishe, mtihani haungoji. Aliyepungukiwa na shilingi elfu chache hujikuta nje ya chumba cha mtihani, na muhula uliokatika mara nyingi huwa ndio wa mwisho.

Kikwazo cha pili ni alama kupotea. Katika vyuo vingi vya umma nchini, mwanafunzi hufanya mtihani, kisha matokeo hayaonekani. Huzunguka kutoka idara hadi idara, mhadhiri akiwa amehamia kwingine. Wenzake huvaa joho, yeye akabaki akidaiwa somo alilolifanya. Ukiongeza migomo, kama ule wa wahadhiri wa mwaka 2025 uliodumu wiki saba, miaka minne hugeuka mitano au sita.

Haya yana dawa. Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta nchini Marekani, mwaka 2003 kilifuzisha takriban wanafunzi 32 katika kila 100 ndani ya miaka sita. Kikaanza kutazama kila siku dalili zaidi ya 800 za mwanafunzi anayeyumba, na mshauri akamtafuta kabla hajaanguka. Waliokaribia kumaliza wakakwama kwa deni dogo walilipiwa. Leo zaidi ya nusu hufuzu, na mtoto wa maskini hamalizi nyuma ya mtoto wa tajiri.

Wazo la kumsindikiza mwanafunzi hadi mwisho si geni kwetu. Ndege ya kwanza ya Tom Mboya, mwana wa kisiwa cha Rusinga, ilipobeba wanafunzi 81 kwenda Marekani mwaka 1959, vijiji vilichanga senti kwa senti ili vijana wapate cha kuanzia. Aliyeondoka alikuwa mtoto wa wote, na wote walingoja arudi na shahada.

Basi vyuo vyetu vitangaze kila mwaka, kwa kila kundi lililosajiliwa, wangapi wamefuzu kwa wakati. Mhadhiri awe na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha alama, na asiyeitimiza aulizwe. Kaunti za ziwa na wahitimu wa zamani waanzishe mfuko wa dharura kwa wanaokaribia kumaliza. Na mwanafunzi asipoonekana darasani wiki mbili, mtu ampigie simu.

Nawe msomaji, ukimwona kijana wa jirani nyumbani wakati wenzake wako chuoni, usimpite. Muulize kimemkwamisha nini. Huenda ni deni ambalo watu kumi wakichanga litaisha kabla ya mtihani.