MGONGO WA NESI NAO UNAUMA!

Ukimwona nesi anatembea taratibu wodini, gauni jeupe limenyooka pasi, usidhani ni pozi. Huenda kiuno kinawaka moto na anaogopa kuinama! Mimi mwenyewe ni nesi, mwaka wa 9 huu niko wodi ya wanaume, kwa hiyo sisimuliwi.

Hebu tupige hesabu. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20 hivi, tena ina mpini. Mgonjwa wa kilo 80 hana mpini! Ana dripu mkononi, ana mpira wa mkojo, na akisikia maumivu anakukaba shingo. Asiyejiweza inabidi ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, asipate vidonda vya kulalia. Wakiwepo watano, zamu ya saa 12 umegeuza watu mara 30. Na hapo hujatandika kitanda hata kimoja.

Mwaka 2007 mtafiti wa Marekani, Thomas Waters wa taasisi ya NIOSH, alipendekeza uzito wa mgonjwa anaobeba nesi kwa mikono usizidi kilo 16 hivi. Zaidi ya hapo kitumike kifaa. Jamani, mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 100 unafika huko!

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo aligeuza mgonjwa peke yake usiku, akasikia kitu "ka!" kiunoni. Kitanda chenyewe kilikuwa kifupi, mpini wa kukipandishia ulishakufa zamani. Leo ana miaka 31, hanyanyui hata mtoto wake. Alipoulizia fidia, kwenye kitabu cha wodi hakukuwa na hata mstari mmoja juu ya usiku ule. Akaishia kulia tu.

Wenzangu, Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake, WCF, ulianza kazi 2015. Ukiumia, toa taarifa siku hiyo hiyo, iandikwe, uone daktari. Usijikaze kisabuni!

Kuhusu kunyanyua, ita mwenzako, mhesabu moja, mbili, tatu. Kitanda kikipanda, kipandishe kifike usawa wa kiuno. Sogea karibu na mgonjwa, maana mzigo ulio mbali na mwili ndio unaovunja mgongo. Zungusha miguu, siyo kiuno. Tumieni shuka lililokunjwa chini yake, mtelezesheni badala ya kumbeba.

Lakini tusidanganyane, mbinu peke yake haitoshi. Bila vitanda vinavyopanda na watu wa kutosha kwenye zamu, tutaendelea kuvunjika.

Na wewe kaka unayekuja na hotpoti ya uji saa za kuona wagonjwa, nesi akikuomba umsaidie kushika shuka, usimtolee macho. Vua koti, nawa mikono, shika!